Rangi ya Ziwa Kule Kajaga

Nilianza kuandika ile programu kwa sababu mwenzangu alichoka kuniomba.

Tulikuwa tumepanga chumba katikati ya mji, juu ya duka la dawa, tukitengeneza tovuti za watu: shule, parokia, maduka ya vifaa vya ujenzi, hoteli ndogo za kando ya ziwa. Yeye alichora ukurasa uonekane vipi, mimi niliuandika kwa lugha ya kompyuta. Alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, binti wa fundi cherehani, na jicho alilirithi kwa baba yake. Akiona nafasi kati ya kichwa cha habari na aya imezidi kidogo tu, chai yake itapoa mpaka irekebishwe. Lakini kuirekebisha ilikuwa kazi yangu. Kila tovuti ina faili la maneno, na faili la pili linaloagiza maneno hayo yawe makubwa kiasi gani, yakae wapi, yawe na rangi gani. Hilo la pili tunaliita karatasi ya mitindo. Limejaa mabano, nukta na vifupisho, na yeye hakutaka hata kulifungua.

Kwa hiyo alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu.

"Shusha kidogo."

Nilibadilisha tarakimu, nikahifadhi, nikafungua ukurasa upya.

"Apana, umepitisha. Rudisha."

Nikarudisha.

"Sasa umerudisha sana."

Tungeweza kumaliza asubuhi nzima hivyo. Kwenye mtandao zipo programu za kufanya kazi hiyo bila kuandika chochote, ila zinataka uwe umeunganishwa muda wote, na kwetu mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Umeme nao ukikatika, unabaki na kile kilichomo ndani ya kompyuta yako mpaka betri iishe. Siku moja, umeme ulipokuwa umekatika na mimi nikihangaika kuokoa betri, aliweka kikombe chake mezani.

"Mi naomba kitu moja," alisema. "Nitengenezee kitu nisukume mi mwenyewe. Nikitosheka, kiandike zile vitu zako."

Nilimwambia nitajaribu. Nadhani nilikubali kwa sababu nami nilikuwa nimechoka kusikia sauti nyuma ya shingo yangu.

Niliiandika katika msimu wa mvua. Ilikuwa dirisha moja lenye sehemu tatu. Kushoto palikuwa na vifimbo vya kusukuma kwa kipanya: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, upana wa pambizo, unene wa mpaka. Kulia palikuwa na ukurasa wa mfano. Chini, kwa herufi ndogo, karatasi ya mitindo ilijiandika yenyewe kadiri unavyosukuma. Haikuhitaji mtandao. Maneno yake niliyaweka kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho tulichosomea kazi hiyo. Haikuwa programu kubwa, na mtu aliyesoma nje angeweza kuicheka. Lakini siku kichwa cha habari kiliposogea chini pole pole, papo hapo, bila kuhifadhi wala kufungua upya, nilikisogeza juu na chini mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwenzangu alikaa kwenye kiti changu, akavua kandambili, akaanza. Alisukuma vifimbo vyote, kimoja baada ya kingine. Mwishowe alisema, "Sasa we unaweza kuenda kula."

Sehemu ya rangi niliiacha mwisho. Mpaka wakati huo sikuwahi kuchagua rangi. Yeye ndiye aliyezichagua, akanipa kila moja kwa alama yake ya herufi na tarakimu, nami nikazinakili kama zilivyo. Katika programu niliweka vifimbo vitatu, cha nyekundu, cha kijani na cha bulu, maana kwenye kioo cha kompyuta rangi zote hutokana na hizo tatu. Pembeni niliweka kiraba, mraba mdogo unaobadilika rangi unavyochanganya. Nilivijaribu, vikafanya kazi. Yaani kiraba kilibadilika, na alama zilizoandikwa chini zililingana na vifimbo. Sikuona haja ya kupima zaidi ya hapo.

Wiki zile mwenzangu alisafiri kwenda Uvira kwenye arusi ya binamu yake. Nikabaki peke yangu na kazi ya mama mmoja wa Kajaga.

Mama huyo alikuwa na mgahawa wa samaki kando ya ziwa. Maji yalipopanda miaka iliyopita yalimlia nusu ya bustani na vibanda vya mbele. Alirudisha meza nyuma, akajenga ukuta wa mawe, akaendelea kukaanga mukeke wake, samaki wa ziwa hilo. Lakini mjini habari ilikuwa imeshaenea kwamba kule kwake kumekwisha.

"Batu wanasema nimefunga," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka waone niko. Na nataka iwe na rangi ya ziwa. Si ya picha za kalenda. Ile ya asubuhi, kama vile unaiona pale."

Alinyosha kidole kuelekea ziwani. Nilitazama maji. Nikafungua kompyuta juu ya meza yake, nikaanza kusukuma vifimbo, nikitazama ziwa, nikitazama kiraba, nikirudi kwenye ziwa. Asubuhi ile nilifurahi. Wavuvi walikuwa wakivuta wavu kule mbele, jikoni mafuta yalikuwa yameanza kulia, na mimi nilikuwa nachukua rangi moja kwa moja mahali ilipo, bila kupewa na mtu. Nilisogeza vifimbo mpaka kiraba na maji vikawa kitu kimoja machoni pangu. Nikapaka rangi hiyo kichwa cha ukurasa, vitufe na sehemu ya chini. Mama alikuwa ameshaingia jikoni, nikaondoka bila kumwonyesha.

Niliporudi kumwonyesha nilichelewa, kwa kuwa mafuta ya gari yalikuwa shida na ilibidi nipande pikipiki, kisha baiskeli. Mama alikausha mikono kwenye kitenge, akavaa miwani, akainama.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Mama?"

"Mbona umeniwekea rangi ya Kwaresima?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka. Alimwita mpishi wake, mwanamume mzima aliyekuwa akiparua samaki, akamwuliza hii ni rangi gani. Mpishi alitazama kioo, akatutazama sisi, kama anayeogopa kuwa swali lina mtego.

"Violeti," alisema. "Kama ya askofu."

"Ni bulu," nilisema.

"Apana, muzee. Hii ni violeti."

Nilifungua programu yangu kutazama vifimbo. Kifimbo cha nyekundu kilikuwa kimepanda karibu nusu. Mtu wa kazi yangu akiona tarakimu ile hahitaji kuona rangi ili ajue kwamba si bulu ya maji. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipandisha, asubuhi ile, kwa mkono wangu. Kila nilivyokipandisha, kiraba hakikubadilika kitu nilichoweza kukiona, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukizuia. Nilikishusha chote mpaka sifuri.

"Sasa?" nikauliza.

"Eeh! Sasa njo bulu," alisema mama.

Nikakipandisha tena. Wote wawili waliguna. Kwangu mimi kiraba kilibaki kama kilivyokuwa, labda giza lilipungua kidogo.

Mama alivua miwani yake, akanitazama kwa namna nyingine. "Kijana wangu, macho yako yanakuuma?"

Nilimwambia hayaumi. Aliniletea samaki na ndizi, akakataa niondoke kabla ya kula. Nilikula. Sikumbuki kuwa nilihuzunika. Nilikuwa nikifikiri kama mtu anayetafuta kosa katika msimbo: rudi nyuma, mstari kwa mstari, mpaka mahali lilipoanzia. Fulana za timu mbili uwanjani shuleni, na mimi nikimpasia mpinzani. Mwalimu wa jiografia aliyesema ramani yangu ni ya kihuni. Shati nililodhani la kijivu, ambalo dada zangu walilicheka mpaka nikaligawa.

Mwenzangu aliporudi kutoka Uvira nilimweleza. Hakuamini. Akakaa kwenye kiti changu, akaigeuza programu kuwa mtihani. Alisukuma vifimbo, akaniuliza naona nini.

"Hii?"

"Kahawia."

"Hii?"

"Hiyo hiyo."

"Ya kwanza ilikuwa kijani," alisema. Akasukuma tena. "Na hii?"

"Kijivu."

"Ni rozi. Rozi kabisa, kama ya gauni ya mutoto." Aliacha kipanya. Alionekana kama amemfumania ndani ya nyumba mtu aliyeishi naye miaka yote bila kumjua. "Sasa mi nimefanya kazi na we wakati yote hii, na hujakosea rangi hata siku moja."

"Uliniandikia tarakimu," nilisema. "Tarakimu naziona."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ngagara, kwa mama yangu. Anaishi bado katika ile nyumba tuliyokulia, moja ya nyumba zilizopangwa mistari mistari ambazo baba alipewa nafasi ya kununua alipokuwa mfanyakazi wa serikali. Tulikuwa tumetoka misa. Alikuwa anachambua mchele uani. Nilimweleza kama habari ndogo ya kazini, nikamwambia pia nilichokisoma: kwamba hali hii ya kuchanganya rangi hupita kwa mama, ambaye mwenyewe haimpati, na mara nyingi utaikuta kwa ndugu zake wa kiume.

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Marume," alisema.

Marume ndiyo tunavyomwita mjomba. Wa kwangu ni mmoja tu, kaka yake mama anayemfuata, anaishi bado kilimani huko Kayanza. Nilimjua kama mtu mpole asiyependa maneno mengi. Nilichokuwa sijui ni alichonieleza mama siku ile. Walipokuwa watoto, msimu wa kahawa, wote walipelekwa kuchuma. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Mbichi ikichanganyika na mbivu, mzigo wote unakataliwa kwenye mashine ya kuosha. Kikapu cha kaka yake kilikuwa kimejaa kijani kila siku. Baba yao alimchapa kwa uvivu. Alipochapwa, alizidi kuchuma polepole, akachapwa kwa kuchelewa. Watoto wa jirani walimpa jina, ambalo mama hakutaka kulitaja mbele yangu.

"Na mi nilimucheka," alisema. "Nilikuwa namwambia, we huoni? Nekundu iko hapa mbele yako, huoni? Nilikuwa namuuliza vile, kila siku."

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimwambia walikuwa watoto, hawakuweza kujua. Alinijibu kwamba baba yao hakuwa mtoto.

Kisha aliomba simu. Alimpigia kaka yake hapo hapo, akaiweka sauti juu, simu ikiwa juu ya mchele. Walisalimiana kwa Kirundi, kwa urefu, kama desturi: wagonjwa, mvua, ng'ombe, nani ameoa. Nilidhani amebadilisha nia. Halafu akamwuliza, moja kwa moja, kama katika maisha yake aliwahi kuona kahawa mbivu ni tofauti na mbichi.

Nilisikia mjomba akifunga mlango upande wa pili.

"Kwa macho, hapana," alisema mjomba. "Kwa vidole, ndiyo. Iliyoiva ni laini. Nilipokuwa mkubwa nilianza kuziminya moja moja. Ndiyo maana nilichelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Nilidhani hata ninyi hamuoni. Nilidhani wote tunabahatisha, ila ninyi mnabahatisha vizuri kuliko mimi."

Mama alimweleza kuhusu mimi. Mjomba aliomba apewe mpwa wake. Akaniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Nilijitahidi kumweleza: kwamba natengeneza kifaa cha kuchagulia sura ya kurasa, na rangi zake. Alicheka, kicheko cha mtu mzima ambaye hajacheka kitambo, akakohoa, akacheka tena.

"Mungu ana mambo," alisema. "Wewe ndiye umechaguliwa kupanga rangi."

Baada ya hapo waliongea wenyewe, nami nikaenda kukaa barazani. Nilisikia mama akisema neno la Kirundi la kuomba msamaha, na mjomba akimkatiza kwa kumwuliza kama mchele wa mjini umepanda tena.

Jumatatu niliirudia programu. Nilimwomba mwenzangu anipe majina ya rangi, si ya kitabuni, bali yale ambayo mtu wa hapa akiyasikia ataiona rangi bila kuulizwa mara mbili. Alifanya kazi hiyo kwa moyo kuliko nilivyotegemea. Alikaa na vifimbo, akisukuma na kuandika: matofali mabichi, matofali yaliyochomwa, jani la mgomba, jani la chai, kahawa yenye maziwa, ndizi inayoanza kuiva, violeti ya askofu, moshi wa makaa. Mara nyingine aliwapigia simu dada zake kubishana nao. Baba yake alipita siku moja kumletea chakula, akaitazama rangi moja na kusema hiyo ni khaki ya shule, si udongo, na tukabadilisha.

Tangu hapo chini ya kila kiraba jina hujitokeza, lile lililo karibu zaidi na mchanganyiko wako. Niliongeza pia mstari mmoja wa onyo: ukiweka maneno juu ya rangi isiyotofautiana nayo vya kutosha, programu inakwambia kwamba kuna watu hawatayasoma. Mwenzangu aliuliza watu gani. Nikamwambia mimi, kwa mfano.

Ukurasa wa Kajaga tulikwenda kuumaliza pamoja. Yeye alikaa mezani, akatazama ziwa, akasukuma. Mama mwenye mgahawa alisimama nyuma yake, mkono mmoja kiunoni.

"Ongeza kidogo kijani," alisema mama. "Asubuhi maji yetu ina kijani."

"Hivi?"

"Apana, umepita. Rudisha."

Mimi nilikuwa nasoma jina lililokuwa likibadilika chini ya kiraba. Lilipotulia, wote wawili walinyamaza, nikajua wamefika. Mama alisema ndiyo hiyo, na kwamba sasa tunaweza kuweka picha ya mukeke. Baada ya muda alitupigia kusema watu wa mjini wameanza kurudi siku za Jumapili. Sidhani ni kwa sababu ya rangi. Nadhani ni kwa sababu waliona mgahawa upo.

Programu ilianza kuzunguka bila sisi kuipeleka. Mwalimu mmoja wa sekondari huko Kinanira aliipata kwa rafiki yake kwenye flashi, akatupigia kuuliza kama anaweza kuwapa wanafunzi. Tulimwambia anaweza. Nilikwenda huko siku moja kwa mwaliko wake. Darasa lilikuwa na kompyuta chache, wanafunzi wamebanana mbele ya kila moja, wakigombania kipanya. Msichana mmoja alikuwa ametengeneza ukurasa wa kwaya yao na akawa anabishana na jirani yake kama lile ni jani la mgomba au jani la chai. Waliniita niamue. Niliwaambia wasome chini ya kiraba. Walisoma, na ubishi ukaendelea, kwa sababu aliyeshindwa alisema aliyetoa majina hajawahi kuona chai.

Mwenzangu baadaye aliolewa Uvira na kuhamia huko. Tunafanya kazi pamoja bado. Ananitumia mafaili mtandao ukiwepo, na kila lenye rangi mpya lina jina lake limeandikwa. Mama yangu alipanda kwenda Kayanza msimu wa kahawa uliofuata, akakaa kwa kaka yake muda mrefu kuliko alivyopanga. Aliporudi hakunisimulia walichoongea. Alisema tu kwamba wajukuu wa mjomba ndio wanaochuma sasa, na kwamba mmoja wa wavulana ameanza kuziminya, na hakuna aliyemgombeza.

Mimi, nikiwa sokoni, sijifanyi tena. Namwuliza muuzaji nyanya zipi zimeiva. Wengine hudhani nataka kupunguziwa. Wengi wananichagulia tu, wananikabidhi mfuko, wanamgeukia mteja mwingine.